Waya wa spika nusura utuaminishe kwamba mama mkwe amepoteza kumbukumbu

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Haya ninayoandika yametokea sebuleni kwangu, na wahusika wote wapo hai isipokuwa mmoja. Majina nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, hata pale ambapo mimi mwenyewe mpaka leo sijaelewa vizuri.

Wale mlioona nyuzi zangu za nyuma nikiuliza waya wa spika wa bei nafuu, mlionijibu na mlionicheka, huu ndio mwisho wa ile habari. Hamkujua kilichokuwa nyuma yake kwa sababu sikuwaambia.

Nianze na utambulisho kidogo.

Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Kasulu. Kazi ndiyo iliyonileta Hanang nikiwa sijui hata salamu ya Kimbulu, nikaolewa huku huku. Mume wangu nimwite Paskali. Ni mwalimu, kwao ni Nambis kule Mbulu. Tunaishi Katesh, upande wa Jorodom.

Redio yetu ya kwanza ilienda na matope yaliyoporomoka kutoka mlimani, pamoja na chumba tulichokuwa tumepanga. Sisi tulitoka salama. Hilo sitaki kulirudia hapa.

Tukakaa muda mrefu bila muziki ndani ya nyumba. Mwaka jana Paskali alienda semina Arusha, akarudi na amplifier, ile mashine ya kukuza sauti yenye tundu la flashi, na spika mbili za mtumba, zile za mbao zinazofika kiunoni. Muuzaji alimjaribishia moja moja pale dukani, zote zikalia vizuri. Waya hakumpa.

Paskali akachukua waya wa taa uliobaki tulipofunga umeme, akaukata vipande viwili, akaunga. Zikalia. Sisi tukaona kazi imeisha.

Wakati huo sikujua kama kuna kitu kinaitwa speaker cable. Kwangu waya ni waya.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Mama anaishi Nambis na mtoto wake wa mwisho, nimwite Daniel. Wanalima ngano, maharage na viazi, wana ng'ombe wachache. Baada ya mavuno mama alikuja kwetu kutibiwa goti, Daniel akamsindikiza.

Baba mkwe simjui. Alifariki Daniel akiwa bado tumboni. Paskali alikuwa mdogo, shule ya msingi, anasema anakumbuka koti la baba yake na viatu vyake, sauti haikumbuki.

Na sauti ndiyo iliyokuwa sifa ya huyo mzee. Alikuwa mwalimu wa kwaya na mwimbaji wa besi. Mpaka leo ukienda kanisani kwao utaambiwa habari zake. Wanasema alikuwa akianza kuimba, waliokaa nyuma wanasikia benchi linatetemeka.

Miaka hiyo kwaya yao iliwahi kwenda Arusha kurekodi kaseti. Kuna wimbo mmoja humo, ubeti wa pili baba mkwe anaimba peke yake, halafu kwaya yote inamfuata.

Redio ya kaseti ilishakufa zamani. Mama alibaki na ile kaseti peke yake bila cha kuichezea, ameifunga kwenye kitenge. Paskali akaipeleka Babati kwa mtu anayehamisha kaseti kwenda kwenye flashi, akarudi nayo.

Hapo niwaeleze kidogo kuhusu Daniel, maana bila yeye hamtaelewa.

Daniel naye ni mwanakwaya. Tangu akiwa kijana mdogo kila mzee akitoka ibadani anamshika bega, anamwambia unaimba kama marehemu baba yako. Wakamweka kwenye besi, mahali alipokuwa anasimama baba yake. Kijana amekua akiambiwa anafanana na mtu ambaye hajawahi kumsikia.

Kwa hiyo ile flashi ilipokuja, mwenye hamu kuliko wote alikuwa yeye, ingawa hakusema.

Mara ya kwanza tulisikiliza kwenye simu ya Paskali, jikoni, Daniel akiwa ametoka, mama amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Ubeti wa pili ulipofika mama aliacha mikono yake juu ya ungo.

Akasema, "Ndiye. Lakini yuko mbali."

Akamwambia Paskali aweke kwenye zile spika kubwa, ili Daniel amsikie baba yake kama alivyokuwa.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa sebuleni. Spika ziko pande mbili za kabati la vyombo. Mama tukamkalisha kwenye kochi kubwa katikati, mbele yake kabisa, ndicho kiti cha heshima. Daniel akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Wimbo ukaanza. Kwaya ikajaa chumba kizima, mpaka mtoto wangu Neema akacheka.

Ubeti wa pili ukafika.

Ikatoka sauti ya mwanaume, nyembamba, imetawanyika, kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Mimi sikuona ajabu. Sikuwa namjua.

Daniel alitabasamu. Akamgeukia kaka yake akasema, "Kumbe ni kweli. Anaimba kama mimi."

Na kweli, mimi nimemsikia Daniel akiimba. Sauti yake ni nyepesi, nzuri, ya juu kidogo. Ilifanana.

Mama alikuwa anatazama zile spika. Akasema, "Huyo siye."

Tukadhani hajasikia vizuri. Paskali akarudia ubeti, akaongeza sauti.

"Huyo siye," akasema tena. "Huyu mtu ni mwembamba. Baba yenu hakuwa mwembamba."

Wakuu, juzi tu alikuwa amesema ndiye. Wimbo ule ule, flashi ile ile.

Paskali akazima. Tukala chakula.

Jioni yake nikiwa naanua nguo Daniel alinifuata uani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, mama ameanza kusahau."

Akaniambia na mengine. Kwamba siku hizi mama anamwita kwa jina la Paskali. Kwamba aliwahi kuacha sufuria jikoni mpaka ikaungua. Kichwa changu kilianza kufanya kazi. Kazini naletewa wazee wa aina hiyo. Huwa inaanza kidogo kidogo, na mara nyingi anayekuwa wa kwanza kuiona ni mtoto anayeishi naye.

Nikaanza kumchunguza mama mkwe wangu bila kumwambia. Nikiwa namkanda goti namuuliza leo ni siku gani, mwezi gani, mtoto wa tatu wa dada yake anaitwa nani. Alijibu yote. Halafu akaniangalia.

"Unanipima?"

Nikasema hapana mama, tunaongea tu.

"Basi ongea. Usipime."

Nilichanganyikiwa. Mtu anayejibu hivyo amesahau nini? Lakini pia anawezaje kuikataa sauti ya mume wake?

Daniel akarudi Nambis kuangalia ng'ombe. Paskali akaniambia wameshaongea wao wawili. Ikiwa mama anapoteza kumbukumbu, asirudi tena kule kwenye baridi na moto wa kuni. Akae hapa Katesh moja kwa moja. Ng'ombe watakwenda kwa baba mdogo, Daniel abaki na shamba.

Mimi nikasema tusubiri. Sikuwa na sababu ya maana. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba labda tatizo ni ile mitambo.

Ndipo nikaja humu kuuliza.

Mnakumbuka mlivyonijibu? Mmoja akasema waya wa taa unakula besi, nitafute waya mnene wa shaba tupu. Mwingine akasema waya hauna lolote, hata senyenge inapitisha muziki, nisiibiwe. Wa tatu akaniambia waya mpya lazima uupigie muziki kwa wiki nzima ndipo ufunguke. Wa nne akaniuliza impedance ya spika zangu ni ngapi, nilipomwuliza impedance ni nini hakurudi tena.

Nikaenda dukani hapa Katesh. Muuzaji akanionyesha waya wa plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, upande mmoja una mstari mwekundu. Akasema huu ndio wenyewe na bei ni rafiki. Nikanunua, na akanifundisha kuunga: mstari mwekundu uende kwenye tundu jekundu, wa pili uende kwenye jeusi. Amplifier hivyo, spika zote mbili hivyo.

Nikafunga mwenyewe kwa uangalifu, Paskali akiwa kazini. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikakagua tena.

Nikamwita mama, nikamkalisha kwenye kochi lake, nikapiga.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Bado si yeye."

Nikafungua simu yangu, maana nami nilishahamishiwa ule wimbo, nikampigia humo. "Huyu ndiye."

Nikarudi kwenye spika. "Huyu siye."

Nilikaa pale sakafuni na waya mkononi. Spika kubwa kama mtoto wa darasa la pili, zinamtoa mtu mwembamba, na kisimu cha mkononi kinamtoa mtu mzima? Au ni mama anabahatisha?

Paskali aliporudi akapendekeza nirudishe ule waya dukani ikiwa haujasaidia. Nikaufungua nikaukunja. Ili nyumba isikae kimya nikarudishia waya wetu wa taa. Ule hauna alama yoyote, rangi zote ni moja. Nikachomeka nilivyoweza.

Kesho yake mama alikuwa amekaa anamenya viazi, mimi nikaweka ile flashi bila kumwambia kitu.

Ubeti wa pili ulipofika, akanyanyua uso.

"Leo amekuja," akasema.

Akaweka kisu chini. Akasikiliza huku midomo yake ikifuata maneno. Na mimi nilihisi kitu tofauti, kama chumba kimepata sakafu. Lakini sikuamini masikio yangu, kwa sababu nilikuwa natamani mno iwe hivyo.

Nikampigia Paskali kumweleza. Akasema, "Unaona? Jana siye, leo ndiye. Ndivyo inavyoanza."

 Alikuwa amesema kitu ambacho hata mimi ningemwambia mtu wa familia pale kazini.

Kumbe wakati huo yeye alishaagiza waya mwingine kutoka Arusha. Alimwomba mwalimu mwenzake anayependa muziki amchagulie. Ukaja kwenye basi, umefungwa vizuri, mnene kama kamba ya ng'ombe, ncha zina rangi ya dhahabu. Bei yake sitaitaja, tulikorofishana kidogo kwa ajili hiyo.

Paskali akafunga yeye mwenyewe. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kama kitabu kinavyosema. Akamwita mama akae katikati.

Akapiga.

Mama akasikiliza. Nilikuwa namwomba Mungu aseme ndiye.

"Ameondoka tena."

Paskali alizima mashine taratibu. Akamwambia mama yake kwa upole kabisa kwamba wanafikiria akae nasi hapa Katesh, asirudi Nambis, kwa sababu ya afya yake.

Mama akamtazama. "Mnataka kunihamisha kwa sababu ya redio?"

Paskali akasema si redio mama, ni umri.

Mama hakubishana. Alivuta kitenge chake mabegani akaenda chumbani. Kuanzia siku ile akaacha kuniuliza habari za kurudi nyumbani, na mimi ukimya huo uliniumiza kuliko kama angegombana na sisi.

Hapa ndipo nilipokuwa nimefika nilipoandika ule uzi wenye hasira, ule mlionifungia. Samahani kwa lugha.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyofunguka.

Jumamosi moja nilikuwa napiga deki. Nikasogeza makochi. Kochi la mama nikaliweka pembeni, karibu kabisa na spika ya kushoto, nikaendelea na sakafu. Muziki ulikuwa unaendelea, Neema ndiye aliyeuweka.

Mama akaja akakaa pale pembeni. Ubeti wa pili ukafika.

"Yupo hapa," akasema, ananionyesha ile spika kwa kidevu.

Nikaacha dekio. Waya ni ule ule wa bei mbaya. Hakuna kilichobadilika.

Nikamwomba aje akae upande wa pili, karibu na spika ya kulia. Nikarudisha ubeti.

"Na hapa yupo."

Nikamwomba asimame katikati. Nikarudisha.

"Hapa hayupo." Akasubiri kidogo. "Ni kama hawa wawili wanagombana, yeye anatoka nje."

Nikaenda nikasimama mimi. Nilitembea kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayepima kiwanja. Wakuu, ilikuwa kweli. Karibu na spika yoyote anaimba mwanaume mwenye kifua. Ukifika katikati anakonda, anakuwa upepo. Kochi la heshima lilikuwa mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba ile.

Nikachomoa waya wa spika moja. Spika moja ikabaki inalia peke yake.

Baba mkwe akaingia sebuleni.

Sina namna nyingine ya kueleza. Mama akakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

Nikachomeka tena, akapotea. Nikachomoa, akarudi. Sikuelewa hata kidogo. Spika mbili zinawezaje kutoa kidogo kuliko moja?

Nikaandika humu, mkanijibu safari hii vizuri. Mmoja wenu, ubarikiwe popote ulipo, akaniambia geuza waya kwenye spika moja tu, nyekundu iende nyeusi. Nikambishia. Nikamwambia rangi ziko sahihi, nimezikagua. Akasema hata kama ziko sahihi, geuza.

Nikageuza.

Spika zote mbili zikalia, na mzee akabaki katikati, mbele ya kabati, kama amesimama pale na koti lake.

Baadaye nilichukua bisibisi nikafungua nyuma ya ile spika ya kulia. Ndani niliona ilishawahi kutengenezwa kabla haijafika kwetu. Waya mwekundu ulikuwa umechomelewa kwenye pini ya mweusi, na mweusi kwenye pini ya mwekundu. Kwa hiyo kila tulipounga kwa usahihi nje, ndani tulikuwa tunaunga kinyume. Spika moja inasukuma, nyingine inavuta, na sauti inayotoka sawasawa kwenye zote mbili, kama ya anayeimba peke yake, hasa ile nzito, inafutika ukikaa katikati.

Ule waya wa taa siku ile "alipokuja" niliuchomeka kinyume kwa bahati tu. Na simu ina spika moja, haina wa kugombana naye.

Nikamweleza Paskali alipotoka kazini. Akasikiliza ubeti amesimama mlangoni na begi lake begani. Hakukaa. Akaenda chumbani kwa mama yake, akakaa huko muda, mimi nikapika.

Mngedhani habari inaishia hapo kwa furaha. Mimi pia nilidhani.

Daniel alikuja wiki iliyofuata. Alikuja kuongea habari za ng'ombe na baba mdogo, kwa sababu kwa upande wake mambo yalikuwa bado yale yale. Paskali akamwambia kaa kwanza, usikilize.

Tulikaa kama ile Jumapili ya kwanza. Mama katikati, Daniel kando yake.

Kwaya ikaimba. Ubeti wa pili ukafika, na ile sauti ikatoka, nzito, pana, vikombe ndani ya kabati vikagonga kidogo.

Mama akasema, "Huyo."

Mimi nilikuwa namtazama Daniel. Nilitaka kuona tabasamu lile.

Hakutabasamu. Aliinama mbele, viwiko magotini. Ubeti ulipoisha akaomba urudiwe. Akajaribu kuimba chini kwa chini pamoja nao, akafika mahali sauti inashuka, akashindwa, akanyamaza.

Akasema, "Mimi siimbi hivi."

 Halafu mama akasema, "Huimbi hivyo."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu sauti yako ilipovunjika."

"Mbona hukuniambia, mama? Wazee wote wanasema nafanana naye."

Mama akamgeukia. "Ulikuwa unatoka kanisani umefurahi."

Daniel akafunika uso kwa kofia yake. Mama akamwekea mkono mgongoni, akaanza kuongea naye Kimbulu, polepole, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mara moja. Mimi Kimbulu changu kinaishia kwenye salamu na bei ya mayai. Paskali alielewa, nilimwona anatazama sakafu. Nilipomwuliza baadaye aliniambia ni mambo ya mama na mtoto wake, nikaacha.

Kesho yake asubuhi Daniel alinikuta jikoni. Nikamwomba msamaha, sijui hata kwa kosa gani. Akasema, "Hapana shemeji. Ila ile ya kwanza niliipenda."

Habari ya ng'ombe haikuongelewa tena. Mama aliondoka na Daniel kurudi Nambis, goti likiwa afadhali. Wakati anapanda gari akaniambia nisimpime tena mtu nikiwa namkanda.

Wiki chache zilizopita alinipigia simu. Katikati ya habari za mvua na viazi akaniambia Daniel amehama kwenye besi, sasa anasimama na watu wa sauti ya tatu, ile nyepesi ya wanaume. Wazee wamelalamika, wanasema mahali pa baba yake pamebaki wazi. Daniel amewaambia wapaache wazi.

Nikamwuliza mama, na yeye anajisikiaje. Akasema anamsikia Daniel vizuri zaidi huko.

Sasa wakuu, mafunzo.

Kwa upande wa waya. Ule wa bei mbaya Paskali alifanikiwa kumwuzia yule yule mwalimu mwenzake. Sasa hivi tumefunga ule wa mstari mwekundu wa duka la hapa Katesh, na kwa masikio yangu, ya Paskali, na ya mama kabla hajaondoka, hakuna tofauti. Kwa sebule ya kawaida waya wa shaba wa unene wa wastani unatosha. Kwangua ncha kwa wembe kabla hujalipa: ikibaki na rangi ya shaba ni shaba, ukiona nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Si lazima uikatae, ila usilipie bei ya shaba.

Na kabla hujanunua waya wowote, kaa katikati ya spika zako usikilize mtu anayeimba peke yake. Kama hayupo, geuza waya wa spika moja. Ni bure. Mtumba usiamini rangi zake, mtu alishapita humo kabla yako.

Kwa upande wa mzee wako kusema hiki sicho, hiki ndicho, nawasihi mkague mashine kwanza. Naandika hili nikiwa mtu wa hospitali.

Ila kuna jambo halijanikaa sawa. Mama aliupata ukweli wake na nyumba yake. Daniel kwa wiki chache alikuwa na baba anayefanana naye, na mimi ndiye niliyeenda kumtoa kwa bisibisi. Paskali anasema nilifanya vizuri. Mama anasema hivyo hivyo. Daniel mwenyewe sijamwuliza, na sijui kama namwogopa yeye au jibu lake.

Uwanja ni wenu. Mafundi mnisahihishe kwenye waya, nitashukuru. Na aliyewahi kumrudishia mtu ukweli ambao hakuuomba, aniambie alikaa nao vipi.